UZI: Kano ya kisigino iliyouma muda mrefu inapona bila kupasuliwa. Njia iliyonirudisha mlimani

Mguu wa Mweka (Moshi)

Habari zenu wanajamvi.

Uzi huu ni wa watu wanaotegemea miguu yao: wagumu wenzangu wa mlimani (wapagazi na waongozaji), vijana wa jogging ya Jumamosi alfajiri, walimu wa michezo, akina mama wanaoshinda wamesimama soko la Mbuyuni. Ule mshipa mnene unaoshuka nyuma ya mguu kutoka kwenye kigimbi mpaka kisiginoni, ambao wataalamu wanauita kano ya Achilles, ukikuuma kwa miezi mingi utaambiwa mambo mawili. Kwanza "pumzika". Ukirudi bado unachechemea, "labda tupasue". Ipo njia ya tatu, ndiyo niliyopita, na inaniuma kuona watu wanaacha kazi ya mlima bila hata kuisikia.

Kazi yangu ni kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Kano ya mguu wa kulia ilianza kuuma msimu mmoja wa watalii, ikaendelea mpaka msimu uliofuata. Mwenye tatizo hili anajijua. Ukiamka asubuhi, hatua za kwanza kwenda chooni ni ngumu, mguu umekaza, unatembea kwa ubavu. Baada ya muda unalainika, unajiona mzima. Ukianza safari unauma mwanzoni, ukipata joto unatulia, halafu jioni au kesho yake unakulipa. Ukiipapasa kano kati ya vidole viwili, sentimita 2 mpaka 6 juu ya mfupa wa kisigino, unakuta imevimba kidogo, ina kama fundo, na ukiibana unaruka. Eneo hilo halina mishipa mingi ya damu, na ndiko wengi wanakoumia.

Kipindi cha masika kazi ikiwa imepungua nilipumzika kabisa. Maumivu yakaisha. Mlima wa kwanza wa Juni, tukiwa bado hatujafika hata kambi ya Shira, yakarudi yale yale. Nilipoonana na mtaalamu wa fiziotherapia hapa mjini ndipo nikaelewa sababu, na hapo ndipo penye kiini cha uzi huu, kwa hiyo nivumilieni.

Kano iliyouma muda mrefu kwa kawaida haina uvimbe wa moto ule wa jeraha jipya. Madaktari walipochukua vipande vyake na kuviangalia kwa hadubini hawakukuta zile seli nyingi za uvimbe walizozitarajia. Walikuta nyuzi zilizovurugika. Kano nzima ni kama kamba ya katani iliyosokotwa vizuri, nyuzi zote zinavuta upande mmoja. Iliyougua nyuzi zake zimelegea na kupishana, katikati pamejaa majimaji, na vimishipa vidogo vya damu na vya fahamu vimeota mahali pasipo pake. Sasa ukimeza diklofenaki unanyamazisha maumivu, nyuzi zinabaki vile vile. Ukipumzika maumivu yanapungua kwa sababu huibebeshi kitu, lakini kano na kigimbi vinazidi kuwa dhaifu. Siku ukirudi kwenye mzigo ule ule, unaurudisha juu ya kano isiyouweza tena. Na mzigo wenyewe si mdogo: mtu akikimbia, kano hii inavutwa kwa nguvu inayofika mara 6 mpaka 8 ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 70 piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya kilo 400 kila anapokanyaga.

Kinachozipanga upya zile nyuzi ni kazi. Kazi nzito, ya polepole, inayoongezwa kidogo kidogo kwa miezi. Basi.

Aliyeifanya dunia isikie hili ni daktari wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, wa Umeå. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kano hii. Akaomba apasuliwe, bosi wake akakataa. Akaamua kuifanyisha kazi kwa makusudi mpaka ikatike ili wasiwe na budi kumpasua: akawa anasimama kwenye ngazi, anashusha kisigino cha mguu mbovu, anavumilia maumivu, kila siku. Haikukatika, ilipona. Mwaka 1998 akachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kujifurahisha waliokuwa wakisubiri upasuaji. Aliwapa zoezi hilo kwa wiki 12, na wote 15 wakarudi kukimbia. Wenzao 15 waliotibiwa kwa njia za kawaida, yaani mapumziko, dawa na viatu, waliishia kwenye kisu.

Sasa nilivyofanya mimi. Si lazima ufuate herufi kwa herufi, mwone mtaalamu akupimie.

Mwanzoni, maumivu yakiwa makali, nilikuwa nasimama kwa vidole vya miguu yote miwili, mikono ukutani, visigino juu, natulia hapo sekunde 45. Napumzika dakika moja au mbili, narudia, jumla mara 5. Zoezi la kushikilia namna hii huwa linatuliza maumivu kwa baadhi ya watu, nami lilinisaidia asubuhi kabla ya kutoka. Nilipoweza kulifanya bila taabu nikaanza kupanda na kushuka: sekunde 3 kwenda juu, sekunde 3 kurudi chini, nikihesabu kwa sauti kwa sababu ukiachia tu unajikuta unaharakisha. Mara 15, raundi 3. Kwanza miguu miwili, baadaye napanda kwa miwili nashuka kwa mmoja, mwisho mguu mmoja peke yake kwenye ukingo wa ngazi.

Fanya goti likiwa limenyooka, halafu fanya tena goti likiwa limekunjwa. Hapa wengi wanaruka. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Ule wa juu unaoonekana umevuka goti, wa chini yake haukuvuka. Goti likinyooka wote wanafanya kazi, ukilikunja unaupa kazi zaidi ule wa ndani, na huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo tukitembea na kukimbia.

Kisha uzito. Mwili wako peke yake hautoshi, hasa kwa mtu atakayerudi kwenye kazi ya kubeba. Mpagazi anaruhusiwa mzigo wa kilo 20 mlimani, ukiacha vitu vyake mwenyewe, kwa hiyo kano inayoishia kuinua mwili mtupu bado haijawa tayari. Sikuwa na jimu karibu. Nilichukua begi langu la mlimani nikatia madumu ya maji: lita moja ni kilo moja, hesabu yake haina utata. Nilianza na lita 5, nikapanda taratibu. Uzito ukipanda, idadi inashuka: kutoka 15 kwenda 12, 10, 8, mpaka 6 zile nzito kabisa, raundi 4. Na nilipofika hapo nikawa nafanya siku moja naacha moja, yaani mara 3 kwa wiki. Baada ya kazi nzito, kwa saa 24 mpaka 36 hivi kano huwa inabomoa nyuzi kuliko inavyojenga. Ujenzi unaizidi hasara baada ya hapo. Ukiipiga nzito kila siku unaikuta bado inabomoka.

Maumivu wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Najua linawatisha watu. Mtaalamu wa Sweden, Karin Grävare Silbernagel, alifanya utafiti uliochapishwa 2007 ambapo wagonjwa waliendelea kukimbia na kuruka huku wakitibiwa, kwa sharti la kupima maumivu kutoka 0 mpaka 10. Yasivuke 5, na kesho yake asubuhi yawe yameshuka. Walipona sawasawa na wale walioachishwa kukimbia kwa wiki 6 za mwanzo. Kwa hiyo kipimo changu kilikuwa asubuhi: hatua za kwanza kutoka kitandani. Zikiwa kama za jana au nafuu, naendelea. Zikiwa mbaya zaidi, napunguza madumu, lakini siachi.

Iliniondokea taratibu mno. Wiki za mwanzo sikuona kitu. Mwezi wa tatu wa mazoezi asubuhi zikaanza kulainika, na safari kamili ya mlima bila kuchechemea ilikuja baada ya zaidi ya nusu mwaka.

Karibuni kwa maswali, na wataalamu mliomo humu nisahihisheni.

---

Ticha wa Sakina (Arusha)

Mkuu, shukrani sana. Mimi ni mwalimu, nakimbia asubuhi njia ya Ngaramtoni. Nilisoma habari ya kushusha kisigino kwenye ngazi nikaifanya kwa bidii, na kisigino kimezidi kuwa kibaya. Ila maumivu yangu yako chini kabisa, pale kano inapoingia kwenye mfupa, kiatu kikigusa naona nyota. Nimekosea wapi?

---

Mguu wa Mweka (Moshi)

Mwalimu, hujakosea. Una tatizo la jirani yake, na zoezi lake linatofautiana kidogo. Kano ikiuma pale inapojishikiza mfupani, ukishusha kisigino chini ya usawa wa ngazi unaibana kano dhidi ya mfupa, na kule kubanwa ndiko kunakoichokoza. Shuka kwenye ngazi. Fanya sakafuni, kisigino kiishie kwenye usawa wa sakafu, kisipite. Wasweden walijaribu hivyo wakachapisha mwaka 2008: awali zoezi la kushusha mpaka chini lilikuwa limewaridhisha wagonjwa wa aina yako kama theluthi moja tu, lile la kuishia sakafuni likawaridhisha theluthi mbili.

Na uache kuunyoosha mguu kwa kusukuma ukuta. Watu wanapenda sana lile zoezi, ila kwa kano ya pale chini ni kuibana tena. Tafuta kiatu kilichoinuka kisigino kidogo, au umpe fundi viatu akukatie vipande vya mpira vya kuweka ndani chini ya kisigino, viatu vyote viwili ili usitembee umeegemea upande. Ndala bapa ziache kwa sasa, hata nyumbani. Kama nyuma ya raba yako pana ukingo mgumu unaosugua mfupa, tafuta laini.

Milima nayo iache kwa muda. Kupanda kunafanya kisigino kishuke chini ya vidole, ni lile lile la ngazi.

---

Mangi wa Kiboriloni

Mimi nina jambo tofauti kidogo. Bibi yangu anachua. Anachemsha maji ya chumvi, anakanda, anapaka mafuta, na ninalala vizuri. Mbona hamzitaji hizi? Siyo kila kitu lazima kitoke Ulaya.

---

Mguu wa Mweka (Moshi)

Mangi, mkono wa bibi nauheshimu, na nimechuliwa mimi pia. Kigimbi kilichokaza kinalegea na maumivu yanapungua kwa saa kadhaa, na usingizi mzuri ni sehemu ya kupona. Mwache aendelee kukuchua. Ila mwombe asikandamize kwa nguvu lile fundo lenyewe, akande kigimbi juu yake. Na ukiinuka pale, fanya mazoezi. Kuchua hakuwezi kuifundisha kano kubeba kilo 20, na wewe Jumatatu unaenda kubeba.

---

Mama Dawa Njiro

Habari za jioni wapendwa. Nafanya kazi duka la dawa hapa Arusha, niko nyuma ya kaunta miaka mingi, na nimesubiri uzi kama huu nipate kusema mambo mawili ambayo yananikosesha amani.

La kwanza ni sindano. Watu wanakuja wakiwa wameelekezwa wachomwe steroidi kwenye kano ili "uvimbe ushuke". Ni kweli maumivu yanaweza kushuka haraka, na ndiyo hatari yake. Steroidi inaidhoofisha kano, na ikichomwa ndani yake au karibu nayo inaongeza uwezekano wa kukatika. Mtu haumwi, anajiona mzima, anaingia uwanjani. Kwa kano hii hasa, wataalamu wengi hawaipendekezi. Ukiambiwa uchomwe, uliza ni dawa gani na inachomwa wapi hasa, una haki ya kuuliza.

La pili ni hili ambalo karibu hakuna anayelijua. Siprofloksasini, ile antibiotiki. Hapa mjini watu wanaiomba dukani kwa jina lake, ya UTI, ya taifodi, ya tumbo, bila cheti. Kundi lake la dawa, pamoja na levofloksasini, linajulikana kuumiza kano, na kano ya Achilles ndiyo inayoumia zaidi kuliko zote. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo lake liandikwe ndani ya kisanduku cheusi kwenye maelezo ya dawa, onyo la ngazi ya juu kabisa. Hatari inakuwa kubwa zaidi kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia prednisoloni au steroidi nyingine kwa wakati mmoja. Inaweza kutokea ndani ya siku chache, na inaweza kutokea miezi baada ya kumaliza dozi.

Sisemi dawa hii ni mbaya. Inaokoa watu, na zipo hali ambazo ndiyo inayohitajika. Nasema usijinunulie. Na kama una historia ya kano, mwambie daktari kabla hajaandika, maana mara nyingi ipo nyingine. Ukiwa katikati ya dozi ukasikia kano imeanza kuuma, acha mazoezi na umrudie aliyekuandikia siku hiyo hiyo.

Mguu wa Mweka, samahani kwa kuuliza hadharani: kabla maumivu hayajaanza ulitumia dawa ya aina hiyo?

---

Mguu wa Mweka (Moshi)

Mama, asante, na umenipa cha kuwapelekea wenzangu. Mimi hapana, sikuitumia. Lakini mlimani tunabeba siprofloksasini kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na wageni wengi wanakuja nayo wenyewe kwa ajili ya kuhara. Mtu anakunywa leo, kesho kutwa anashuka mteremko mrefu kutoka kambi ya Barafu mpaka geti la Mweka. Nitalizungumza kwenye kikao chetu cha waongozaji.

---

Jembe Soweto

Wakuu mimi nilifanya haya mazoezi wiki tatu, sikuona chochote, nikaachana nayo. Sasa nimeambiwa kuna sindano ya damu yako mwenyewe, wanaitoa, wanaizungusha kwenye mashine, wanakurudishia kwenye kano. Ghali lakini ni ya kisasa. Kuna aliyejaribu?

---

Fizio Pasua

Nimeingia baada ya kusoma zote. Nimesomea mazoezi tiba na ndiyo kazi yangu. Jembe, weka hela yako mfukoni kwanza.

Hiyo sindano ya damu iliyochujwa imepimwa. Wadachi walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 54: nusu walichomwa damu yao, nusu wakachomwa maji ya chumvi, wote wakafanya mazoezi. Hakukuwa na tofauti. Mwaka 2021 Waingereza wakarudia kwa watu 240, safari hii wakilinganisha na sindano ya kuigiza, na matokeo yakawa yale yale. Watu walipata nafuu pande zote mbili.

Kuhusu wiki tatu: kano inajijenga polepole kuliko msuli. Wiki tatu unakuwa ndiyo kwanza umeshazoea zoezi. Mimi simhukumu mtu kabla ya wiki 12, na wengi ninaowaona wanahitaji miezi 6 na zaidi. Tatizo lingine ni ratiba. Ile ya Alfredson ni nzito kuifuata: mara mbili kwa siku, siku 7 za wiki, ukijumlisha ni kushusha kisigino mara 180 kila siku. Mama mwenye watoto na duka hawezi, anaacha. Wadenmark mwaka 2015 walilinganisha ile na uzito mkubwa wa polepole mara 3 kwa wiki, ambayo ndiyo ya madumu ya ndugu yetu. Matokeo yakalingana, na wale wa mara 3 wakaifuata vizuri zaidi. Kwa hiyo chagua ile utakayoimaliza.

Nikikuona nitakuuliza ulikuwa unashusha kwa sekunde ngapi, na kwa uzito gani. Wengi waliosema "nilifanya haikusaidia" walikuwa wanapiga haraka haraka, goti limenyooka tu, mwili mtupu, siku wanazokumbuka.

Niongeze pia kwa wasomaji wote, maana si kila kisigino ni cha kujitibia kwa uzi. Kama zinauma kano zote mbili bila kuongeza mazoezi yoyote, pima sukari, lehemu (kolestero) na asidi ya mkojo. Kisukari kinazidhoofisha kano, gauti, yaani ugonjwa wa asidi ya mkojo kuzidi, inakaa humo, na watu wenye lehemu ya kurithi iliyo juu sana wanapata vinundu vya mafuta ndani ya kano hii hii. Kama wewe ni kijana, visigino vinauma, na mgongo wa chini unakaza asubuhi kwa zaidi ya nusu saa na unalegea ukitembea, nenda hospitali uangaliwe ugonjwa wa viungo. Huo hauponi kwa ngazi.

---

Beki wa Majengo

Naomba msaada wa haraka. Juzi tukicheza nilisikia "paa!" nyuma ya mguu nikageuka kuangalia nani amenipiga teke, hakukuwa na mtu. Naweza kutembea kwa kuburuza, lakini kusimama kwa vidole siwezi. Nianze na yale ya kushikilia sekunde 45?

---

Fizio Pasua

Hapana kaka, usifanye zoezi lolote. Hiyo uliyoieleza, mlio na kuhisi umepigwa teke, ndivyo kano inavyokatika. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu akubinye kigimbi. Mguu mzima ukibinywa, wayo unasogea kushuka. Ukibinya huo mguu na wayo usisogee, kano imekatika, lakini hata ukisogea kidogo bado nenda. Leo, hospitali ya KCMC au Mawenzi, usisubiri Jumatatu. Kukatika nako si lazima kupasuliwa, wapo wanaotibiwa kwa buti maalumu wayo ukielekezwa chini, ila hilo linawezekana vizuri likianzwa mapema. Usiukanyagie.

---

Beki wa Majengo

Nimefanya. Hausogei. Nachukua bajaji naenda.

---

Ticha wa Sakina (Arusha)

Pole sana kaka, utujulishe.

Nimerudi kuleta taarifa. Nimefanya ya sakafuni tangu nilipojibiwa, na nimeweka mpira kwenye viatu. Asubuhi ni nafuu, si kubwa lakini ipo. Swali langu: nataka nusu marathoni ya Kilimanjaro. Nitajuaje niko tayari? Ile njia inapanda kuelekea Mweka mpaka unatamani kukaa chini.

---

Mguu wa Mweka (Moshi)

Mwalimu, mashindano yako mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kwa miezi, si kwa wiki. Mimi nilipewa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi: mguu mbovu peke yake, upande na kushuka kwa vidole mara 20 mpaka 25 bila kusimama, juu kabisa kila mara, ulingane na mguu mzima. Kama haulingani, hujamaliza kazi ya uzito.

Ukilingana, kabla ya kukimbia ruka. Kamba ile ya watoto, miguu miwili, dakika chache, uone asubuhi yake inasemaje. Kukimbia ni kuruka kwa mguu mmoja maelfu ya mara, kwa hiyo mtu asiyeweza kuruka kamba bila kuamka amekaza hana haraka ya kukimbia. Halafu kimbia dakika moja, tembea moja, kwenye tambarare. Huku kwetu kila ukielekea kaskazini unapanda, kwa hiyo mimi nilikuwa naenda chini, njia za mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, na siku nyingine ndani ya msitu wa Rau ambako udongo ni laini. Nyie Arusha tambarare ni ya kutafuta, ila hata kuzunguka uwanja wa shule kunatosha. Siku ya kukimbia ifuatwe na siku ya kupumzika au ya kutembea. Mlima uje mwisho kabisa, na kwa kisigino chako cha chini uwe wa mwisho wa mwisho.

Ongeza kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza umbali usiongeze kasi wiki hiyo hiyo.

---

Mama Dawa Njiro

Na akimaliza yote haya kwa uaminifu asipone? Tusiwafiche watu.

---

Fizio Pasua

Swali la haki. Wapo wasiopona, na wapo wanaobaki na maumivu madogo wanayoweza kuishi nayo. Mtu akifanya mazoezi yenye uzito wa kutosha kwa miezi 6 na bado hawezi kazi yake, anarudishwa kwa daktari wa mifupa. Kuna mashine ya mawimbi ya kugonga, nayo huongezwa juu ya mazoezi, haichukui nafasi yake, na haipatikani kila mahali. Upasuaji upo na una watu wake. Lakini hata aliyepasuliwa atakuja kwangu baadaye kufanya haya haya ya kupanda na kushuka, kwa miezi. Ndiyo maana nasema tuyafanye kwanza.

---

Beki wa Majengo

Imethibitishwa, imekatika. Wameniwekea plasta wayo ukiwa umeelekea chini, daktari bingwa ataamua wiki hii. Fizio, Mungu akubariki, nilikuwa nimeshaweka stuli ya kuanzia mazoezi.

---

Dada wa Machame

Nami ni mgumu, nina siku chache nipande mlima kwa njia ya Machame. Kano inauma lakini niko wiki ya nane ya mazoezi na asubuhi ni nzuri. Nikiwa mlimani niendelee na madumu au niache?

---

Mguu wa Mweka (Moshi)

Dada, siku za kutembea mzigo wako ndio madumu yako, usiongeze. Asubuhi kabla ya kutoka hemani fanya kushikilia kwa sekunde 45 mara 5, mguu upate joto, na ulale na soksi nene maana baridi inaukaza. Weka vipande vya mpira ndani ya mabuti tangu getini. Mwambie kiongozi wako mapema uko kwenye matibabu, akupe mzigo uliopimwa kwa haki, usikubali kubebeshwa zaidi ya kilo 20 hata kwa kilomita moja. Siku ya kushuka kwenda Mweka piga hatua fupi, tumia fimbo mbili. Ukifika nyumbani pumzika siku mbili, kisha anza tena na uzito wa chini kidogo ya ule ulioachia, na uandike asubuhi zako zilivyokuwa ili tukirudi hapa tuzisome pamoja.